Mkia Mweupe: Habari za Madigadi ya Baisikeli Kyimo

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kunikumbusha ahadi yangu ya makala ya historia, hapana shaka alitarajia kwamba nitaandika juu ya machifu, wamisionari au vita. Hayo yameandikwa, na wenzangu wenye elimu kubwa kuliko yangu wataendelea kuyaandika. Mimi nimechagua madigadi. Naam, madigadi ya baisikeli, lile bati lililopinda juu ya gurudumu ambalo wengi wetu tulilisugua kwa kitambaa kila Jumamosi jioni ili Jumapili baba asione haya mbele ya watu. Wale niliosoma nao historia pale Mlimani wakiona kichwa cha makala hii watacheka, nami nawaruhusu wacheke. Lakini kitu kinachotumiwa na maelfu ya watu kila siku kina haki ya kuulizwa kilikotoka, hata kama ni bati.

Swali lenyewe si langu. Mwaka jana nikiwa likizo nyumbani, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinionyesha baisikeli ya marehemu babu yake aliyoikuta ghalani, nyeusi yote isipokuwa sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma, ambayo ilikuwa nyeupe. Akauliza, "Shikamoo mjomba, hivi babu alipaka hii nyeupe kwa sababu gani?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba babu hakuianzisha yeye, bali aliikuta, na kwamba weupe ule umetoka mbali sana. Jibu refu ndilo hili, nami nalileta kwenu nyote, wahitimu na wanafunzi, maana naona lina manufaa zaidi ya kumridhisha kijana mmoja.

Kwa ndugu zetu ambao maisha yamewapeleka mbali, niwakumbushe kwanza hali ya Kyimo. Ukiteremka kutoka Uyole kwa barabara iendayo Tukuyu na mpaka wa Malawi, unapita Kiwira, kisha unaingia Kyimo. Mlima Rungwe uko juu yako na mawingu yake, nao unafika karibu mita 2,960. Wilaya yetu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote Tanzania. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mimi sasa kazi yangu iko Dodoma, ambako kwa kawaida mvua ya mwaka haifiki milimita 600. Dodoma baisikeli isiyo na madigadi ni baisikeli kamili. Kyimo ni nusu ya baisikeli, na nusu yenyewe ni ile mbaya.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Gurudumu linapozunguka juu ya maji au tope, linayachukua na kuyarusha, nayo yanakwenda moja kwa moja kufuata mwelekeo wa tairi pale yalipoachia. Gurudumu la nyuma linayarusha juu, yakampata mpandaji mgongoni na kumchora mstari tangu kiunoni hadi kisogoni. Gurudumu la mbele lina hila zaidi. Watu wengi hudhani madigadi ya mbele ni ya kuzuia tope lisiruke usoni, na ni kweli yanazuia. Lakini kazi yake kubwa iko chini, nyuma ya gurudumu, ambako maji hurushwa kwenye miguu, kwenye pedeli na kwenye cheni. Kwa hiyo madigadi ya mbele mafupi, hata yawe na urembo wa namna gani, hayafai kitu. Ndiyo maana mafundi wetu waliongeza chini yake kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, kikaning'inia karibu na ardhi. Na udongo wetu wa volkano ukishanyeshewa hauruki tu, bali unanata. Unaingia kati ya tairi na bati, unajaa, unakauka pale pale, na mwishowe gurudumu linakataa kuzunguka. Nani kati yetu hajawahi kusimama katikati ya njia akichokoa tope kwa kijiti, huku mkungu wa ndizi ukimwelemea nyuma kwenye keria?

Tena kwetu usafi haukuanza na sare za shule. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alisifu mno usafi wa vijiji vya Wanyakyusa, nyumba zao zilizojengwa kwa ustadi na migomba iliyofagiliwa chini. Msafiri huyo alikuwa kijana na alipenda kutia chumvi, lakini katika hili sioni kama aliongeza. Mtu aliyelelewa katika uwanja uliofagiliwa asubuhi na mapema hapendi kufika kanisani au baraza la kijiji na tope mgongoni. Watu wa namna hiyo wakipata baisikeli, jicho lao linakwenda kwanza kwenye madigadi.

Baisikeli yenyewe ya namna tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, iliingia sokoni mwaka 1885 huko Coventry, Uingereza, kwa jina la Rover, kazi ya John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Miaka hiyo hiyo ndipo kilipoanza kiwanda cha Raleigh katika mji wa Nottingham. Kabla ya hapo palikuwa na baisikeli za gurudumu moja kubwa mno mbele, mpandaji akikaa juu kama ndege kwenye mti, mbali na tope. Alipoteremshwa chini na kukaa kati ya magurudumu mawili mafupi alisalimika na hatari ya kuanguka kifudifudi, lakini akaingia katika mvua ya tope. Madigadi basi yalizaliwa na usalama.

Huku kwetu baisikeli zilienea hasa katika utawala wa Waingereza. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Rungwe walikwenda kutafuta mshahara kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na baadaye wengine wakaenda hadi migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo. Wengine waliobaki nyumbani walipata fedha zao kwa kahawa, na baadaye chai. Katika vitu ambavyo kijana alitamani kurudi navyo au kununua baada ya msimu, baisikeli ilikuwa katika vya kwanza, na baisikeli hiyo mara nyingi ilikuwa Raleigh, ya chuma kitupu, nyeusi, yenye mistari ya dhahabu. Tangazo moja la kampuni hiyo lililobandikwa sehemu nyingi za Afrika lilionyesha mtu akikimbizwa na simba, naye akiponea juu ya Raleigh yake. Mzee mmoja wa Kyimo, alipoeleza tangazo hilo, alisema simba si kitu. Wangeonyesha mtu yule akipanda kutoka mto Kiwira wakati wa masika, hapo angeamini.

Sasa nije kwenye mkia mweupe. Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa nchi ya baisikeli nyingi na magari yaliyokuwa yakiongezeka upesi. Wapanda baisikeli waliokwenda kazini alfajiri na kurudi jioni waligongwa kwa nyuma gizani. Serikali ilitaka kila baisikeli iwe na taa nyekundu nyuma. Hapo ukazuka ubishi ambao mimi nikiusoma naona kama umefanyika jana. Chama cha wapanda baisikeli, CTC, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilikataa katakata. Hoja yao ilikuwa hii: mwenye wajibu wa kuona ni yule anayekuja kwa nyuma na mtambo mzito unaoua, dereva na aende kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali ule anaouona mbele yake. Ukimwambia mpanda baisikeli abebe taa, umekwisha kumtwika hatia kabla hajagongwa, na siku taa yake ikizimika utasema alijiua mwenyewe.

Kwa maoni yangu hoja ile ilikuwa ya haki. Lakini haki haikuwazuia watu kufa, na katikati ya miaka ya 1930 sheria ikapita njia ya kati: badala ya taa, baisikeli iweze kuwa na kioo chekundu cha kurudisha mwanga pamoja na sehemu nyeupe nyuma. Na sehemu gani ya baisikeli ingefaa kupakwa rangi nyeupe, isiyofunikwa na koti la mpandaji wala mzigo, inayomtazama dereva ajaye? Ni mkia wa madigadi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 jambo hili likawa zito zaidi. Miji ya Uingereza iliamriwa kuzima taa usiku ili ndege za Ujerumani zisipate shabaha. Watu wakatembea gizani, na magari yakaenda na taa zilizofunikwa. Kingo za barabara zikapakwa rangi nyeupe, miti ikapakwa, nguzo zikapakwa. Hata hivyo, mwaka 1941 watu zaidi ya 9,000 walikufa katika ajali za barabarani huko, idadi ambayo nchi hiyo haijapata kuifikia tena tangu hapo, ingawa magari yameongezeka mara nyingi. Taa ya nyuma nayo ikawa lazima wakati huo wa vita, na ubishi ule wa zamani ukafa. Weupe wa madigadi ulibaki.

Viwanda vilivyopaka mkia mweupe kwa ajili ya barabara za Uingereza havikuona sababu ya kuwa na namna nyingine kwa ajili ya makoloni. Baisikeli ikashuka melini Dar es Salaam na mkia wake. India ilipoanza kuunda baisikeli zake, Avon na Hero za mji wa Ludhiana katika miaka ya 1950, zilifuata umbo lile lile la Kiingereza, na mkia mweupe ukafuata. Kwa hiyo babu wa kijana wetu alinunua, bila kuambiwa, kipande cha sheria ya nchi nyingine kilichoandikwa kwa rangi.

Alikifanyia nini? Hapa ndipo historia inapokuwa yetu. Nyumbani kwetu weupe ule tuliuita "soksi". Baisikeli iliyovaa soksi safi ilikuwa ya mtu mwenye kujiheshimu. Kila mwaka kabla ya Krismasi, kopo dogo la rangi nyeupe lilinunuliwa kwa shirika na majirani wanne au watano, na soksi zikapakwa upya, kila mtu akijitahidi mstari wa juu uwe umenyooka. Wengine walichora nyota nyekundu katikati, wengine herufi za majina yao. Vijana waliongeza vioo vyekundu viwili, vitatu, hata vitano, na mpira wa chini wakaukata umbo la moyo. Sikupata kumsikia mtu yeyote akisema kwamba weupe ule ni kwa ajili ya gari linalokuja nyuma. Katika miaka ile ya mwanzo magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Urembo ulihifadhi kitu ambacho sababu yake haikuwapo bado.

Naomba nikae kidogo kwenye ufundi, kwa kuwa wanafunzi wengi wa sasa hawajauona. Fundi wetu alifanya kazi chini ya mparachichi, karibu na barabara. Mtu aliyekuja kutaka madigadi hakuruhusiwa kuchagua kwa macho tu. Fundi alimwuliza kwanza: unabeba nini? Wa maziwa na wa ndizi walipewa madigadi mapana ya bati nene, yenye miguu miwili miwili kila upande. Mwalimu au karani, ambaye mzigo wake ni mkoba, aliweza kupata yale membamba yenye kung'aa. Ya Raleigh yalisifiwa kwa uzito na rangi isiyobanduka upesi. Ya Phoenix, baisikeli ya Shanghai iliyojaa madukani katika miaka ya urafiki wetu mkubwa na China, yalipendwa kwa mistari yake ya dhahabu. Ya Swala, baisikeli yetu wenyewe iliyoundwa na NABICO, Dar es Salaam, yalisemwa vizuri na vibaya. Fundi alisema bati ni bati, kinachotofautiana ni mkono uliolifunga.

Na katika kulifunga hakuwa na haraka. Kwanza alinyoosha ringi, akikaza na kulegeza spoku mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba, maana huwezi kulingania bati na kitu kinachoyumba. Kisha aliweka madigadi na kupima nafasi kati yake na tairi kwa vidole. Mahali pakavu, alisema, kidole kimoja chatosha. Kyimo ni viwili, ili tope lipate njia. Nafasi hiyo ilitakiwa kuwa sawa tangu mwanzo wa bati hadi mwisho, na hapo ndipo uzuri wote ulipokuwa. Mtu asiyejua ufundi angetazama rangi. Anayejua alichuchumaa kando na kutazama mwanga uliopita kati ya tairi na bati, kama ni utepe mmoja ulio sawa au umepanuka huku na kubanwa kule. Miguu ya waya iliyozidi ilikatwa kwa msumeno wa chuma, na ncha zake zikavikwa kipande cha mpira zisichane suruali. Kati ya bati na fremu aliweka washa ya ngozi au ya tyubu. Bila hiyo, mtikisiko wa njia hupasua bati pale penye tundu la bolti. Mwisho aliinua baisikeli kiasi cha shubiri na kuiachia. Ikilia "kwa!" moja, kazi imekwisha. Ikilia na kuendelea kulia, alirudia nati zote.

Jambo moja alilolikaripia kuliko yote ni miguu ya madigadi ya mbele iliyolegea. Kijiti kikinaswa kati ya spoku na waya ule, bati hukunjwa likaingia chini ya foku, gurudumu husimama ghafula, na mpandaji hupita juu ya usukani. Wazungu nao walilitambua jambo hilo. Madigadi mengi ya plastiki ya siku hizi huwa na kibanio cha mbele kinachofyatuka chenyewe waya ukivutwa kwa nguvu.

Ikaja miaka ya dhiki. Tangu vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari, na wanakumbuka kwamba tairi la baisikeli lilipatikana kwa kibali katika duka la Kampuni ya Biashara ya Mkoa, kama lilikuwapo. Mwaka 1983 ilipigwa vita dhidi ya uhujumu uchumi, na mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ndipo hali ikaanza kulegea. Katika miaka hiyo hakuna aliyepewa kibali cha madigadi. Madigadi hayakuwa lazima kwa wakubwa waliopanga orodha, ambao nadhani hawakuwa watu wa Rungwe.

Ndipo fundi akaanza kuyatengeneza mwenyewe. Alikata debe la mafuta ya kula kwa vipande virefu, akayagonga kwa nyundo ya mbao ndani ya mfereji aliouchimba katika gogo, mpaka bati lipate tumbo. Kingo alizikunja juu ya waya mwembamba, kwa sababu mbili: bati lipate nguvu, na lisimkate mtoto mkono. Debe moja halikutosha urefu, hivyo aliunga vipande viwili kwa ripiti. Alama za nyundo zilionekana, na wenye madigadi hayo waliona aibu, wakayapaka rangi mara mbili ili zifichike. Laiti wangejua! Huko Ufaransa kulikuwa na mafundi, wa kampuni ya Lefol miongoni mwao, waliotengeneza madigadi ya aluminiamu yenye alama za nyundo makusudi, na hadi leo Wajapani wa kampuni ya Honjo huyatengeneza ya namna hiyo, wakauziwa watu wenye kupenda baisikeli za anasa.

Soksi nyeupe haikukosekana hata katika miaka hiyo. Pale ambapo rangi haikupatikana watu walitumia chokaa, ambayo mvua moja tu iliiosha, nao wakapaka tena. Baba yangu alibandika kipande cha sahani ya enameli iliyovunjika, akakifunga kwa ripiti mbili. Kilidumu kuliko baisikeli yenyewe, nacho nimekiweka.

Kilichoshinda dhiki kilishindwa na mtindo. Mnamo miaka ya 1990 mitumba na biashara huria vilituletea baisikeli za namna nyingine, zenye tairi pana za meno, gia nyingi, rangi za kuwaka, na hazina madigadi kabisa. Zilibuniwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokwenda milimani siku za mapumziko kucheza na tope, kisha wakarudi nyumbani kuoga maji ya moto. Sisi tulizichukua kama usafiri wa kwenda shule. Na mtindo ukapanda: hata mwenye Phoenix ya baba yake aliyavua madigadi ili ifanane na hizo. Tulisema imekuwa "nyepesi". Mashati yetu meupe yalikuwa na mstari wa tope mgongoni, nasi tuliuvaa kama nishani, ingawa mama zetu waliofua walikuwa na jina jingine kwa mstari huo.

Mwenzetu mmoja wa darasa langu, ambaye wa mwaka wetu wote mtamkumbuka bila mimi kumtaja, alikuwa hodari wa kuvua. Aliyavua madigadi yote mawili ya baisikeli ya mjomba wake, nyeusi, na kioo chekundu kikaenda pamoja nayo. Jioni moja ya mwezi wa Aprili, ukungu umeshuka kama unavyoshuka, alikuwa akirudi nyumbani kwa barabara kuu. Gari lililokuja nyuma yake halikumwona. Dereva alisimama, akalia, akasema neno ambalo nimelisikia tangu wakati huo katika kila ajali ya namna hiyo: "Sikuona kitu chochote." Tulimzika Jumamosi. Madigadi yake yalikuwa bado yameegemezwa ukutani kwa mjomba wake, na soksi yake nyeupe safi kabisa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sijui kama rangi ingemwokoa. Ukungu wa Kyimo unameza hata basi. Wala sisemi kwamba kosa lilikuwa lake. Wale wapanda baisikeli wa Uingereza walikuwa na haki waliposema kwamba mwenye mtambo unaoua ndiye mwenye wajibu wa kuona. Ninachosema ni kwamba nilipofika Mlimani na kukutana na habari za sheria ile, nilikaa maktabani kwa muda bila kugeuza ukurasa. Kitu ambacho babu zetu walikipokea kama urembo, wakakitunza kwa chokaa na enameli miaka yote ambayo hakikuwa na kazi, tulikivua katika miaka ile ile ambayo barabara yetu ilikuwa na lami na malori ya Malawi yalikuwa yakipita usiku na mchana. Kazi yake ilifika, nacho hakikuwapo.

Yaliyofuata mnayajua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 bodaboda zimechukua abiria na maziwa na sehemu kubwa ya ndizi. Baisikeli nyingi za zamani ziliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na madigadi yalikuwa ya kwanza kung'olewa kwa kuwa ni mepesi kukunja. Zilizobaki ziko kwa wakulima wasiotaka gharama ya mafuta, na kwa wanafunzi. Nimesimama mwenyewe njia panda mwezi wa Juni uliopita, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikahesabu wanafunzi 23 wakirudi kwa baisikeli. Wenye madigadi ya nyuma walikuwa 9. Wenye kitu chochote cheupe au kioo chekundu nyuma walikuwa 4, na mmoja wa hao wanne alikuwa amevaa tu mfuko mweupe wa saruji mgongoni kuzuia tope.

Madukani Tukuyu madigadi ya plastiki yanapatikana, na asiyeweza kununua anaweza kuyakata katika dumu la mafuta la lita 20, kama fundi alivyokata debe. Plastiki ya dumu imekwisha kupinda kidogo yenyewe; ikate kwa upana wa vidole vinne, urefu utoke juu ya keria mpaka usawa wa ekseli, utoboe kwa msumari wa moto, na miguu yake iwe spoku kuukuu. Soksi ianzie chini na kupanda shubiri moja. Rangi ya mafuta haishiki vizuri juu ya plastiki inayoteleza, kwa hiyo isuguliwe kwanza kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao.

Fundi wa chini ya mparachichi amestaafu, lakini mwanawe yupo, naye amekubali kukaa uwanjani siku ya mkutano wetu tangu saa tatu asubuhi, na msasa, brashi na vioo vyekundu. Kopo za rangi tumezinunua sisi wa mwaka wetu. Wanafunzi walete baisikeli zikiwa zimeoshwa na kukaushwa tangu jana yake, maana rangi haishiki juu ya unyevu, na Kyimo kukausha kitu ni kazi ya siku mbili.